Orodha Niliyoifungua Mwenyewe

Kwetu mtaani orodha haiandikwi, inafunguliwa. Anayeifungua hutia kichwa, akaweka jina lake kwenye namba moja, akaacha namba mbili wazi, akaituma kwenye gurupu. Anayefuata huinakili yote, akaongeza jina lake, akaacha namba tatu. Hivyo ndivyo tunavyozikana, ndivyo tunavyoozana, ndivyo tunavyojua nani ataleta sufuria na nani ataleta mkeka. Wawili wakinakili kwa wakati mmoja, orodha hupasuka mbili na vurugu huanza: "Jamani, aliyenitoa anirudishe!" Nimeona wanawake wazima wakinuniana mwezi mzima kwa sababu ya jina lililoruka. Lakini asiye na adabu kabisa ni yule anayefungua orodha bila kujiandika yeye kwanza. Huyo atakuwa anawatanguliza wenzake ili aone kama kuna shimo.

Nayasema haya mapema ili ujue kwamba nililolifanya sikulifanya kwa ubaya. Nililifanya kwa adabu.

Mimi ni sekyuriti hapa Doha, mwaka wa sita huu. Nakaa mlango wa nyuma wa duka moja kubwa Abu Hamour, mlango wa mafundi na magari ya mizigo. Kazi yangu ni daftari: nani ameingia, saa ngapi, amebeba nini, ametoka saa ngapi. Kabla ya hapo nilikuwa karani wa shule ya msingi Mombasa, kwa hiyo daftari na mimi tunajuana. Nalala Fereej Bin Mahmoud, chumba kimoja na Mganda mmoja anayetandika vitanda hotelini, mwanamke wa kucheka sana na kusali sana, na mwenye kompyuta ambayo hunipa bila ya kununa. Mwanangu yuko Mombasa kwa mamangu. Nilimwacha ana miaka kumi na mitatu, sauti haijavunjika. Sasa ana kumi na tisa, na ile sauti yake nene niliijulia kwenye simu, sikuisikia ikibadilika.

Mtaa wetu una genge. Vijana wa mapanga, wengi wao tumewabeba mgongoni. Hutoka kwa kundi, wakapita uchochoro mzima dakika tano, wakanyang'anya simu, wakakata watu, wakarudi maskani wakaketi kama waliokuwa wakicheza bao. Mwenyekiti wa gurupu letu la akina mama, muuza mahamri, walimkata mkono wa kulia. Siku hizi sinia lake hulibeba kwa kushoto. Na aliyemkata anamjua, kwa sababu alikuwa akimpa mahamri ya bure alipokuwa mtoto.

Mwanangu alikuwa miongoni mwao. Nalisema hivyo hivyo, silizungushi. Mamangu alinificha mwaka mzima, mpaka jirani akanitumia picha. Nililia kwenye choo cha kazini, nikanawa uso, nikarudi kwenye daftari. Halafu Idd iliyopita mwenyewe akanipigia: "Mamangu, nimeacha. Sikai tena maskani." Wallahi nilisujudu pale pale kati ya vitanda viwili. Mganda wangu akapiga vigelegele mpaka wapangaji wa juu wakagonga sakafu. Siku hiyo nililala usingizi ambao sikuwa nimeulala tangu nipande ndege.

Basi serikali huko nyumbani ikatangaza ruzuku ya usalama. Kundi lolote la mtaa lenye mpango wa kuwatoa vijana kwenye magenge liombe, litapewa pesa za kuanzia. Bi Mwenyekiti alinitumia tangazo pamoja na ujumbe wa sauti, mafuta yakichachatika nyuma yake. "Shoga yangu, sisi tunataka taa za uchochoro na karakana. Hawa watoto wafundishwe kuchomelea vyuma, wafundishwe friji. Wewe ulikuwa karani, Kiingereza unacho, na huko uliko hakuna anayeweza kukujia na panga. Tuandikie."

Hilo la mwisho ndilo lililoniingia. Kwamba niandike mimi kwa sababu mimi niko mbali na panga.

Wiki hiyo hiyo kampuni ilinipa fomu yangu ya kuongeza mkataba, miaka miwili mingine, nitie sahihi kabla ya mwisho wa mwezi. Nikaikunja nikaitia kwenye mkoba. Nikasema, hii nitaitia sahihi siku yoyote, ile ya mtaa ndiyo yenye haraka.

Hiyo fomu ya mtaa! Kila jioni nikitoka kazini naoga, nala, naiketia. Eleza tatizo. Eleza chanzo cha tatizo. Eleza utajuaje kwamba tatizo limepungua. Nilikuwa nikiandika sentensi moja naifuta mbili. Chanzo cha tatizo! Niandike nini? Kwamba mama mmoja alikwenda Uarabuni? Mganda akinitazama kutoka kitandani kwake, akiniita bibi kwa Kiganda, alikuwa akisema, "Nyabo, hiyo fomu inakula wewe. Andika tu watoto wanakosa kazi, kila mutu anaandika hivyo." Nikaandika hivyo. Ni kweli pia, lakini niliona haya kidogo.

Sehemu ya mwisho ilitaka orodha ya vijana walioacha genge ambao wangekuwa wa kwanza kuingia karakana. Kila mmoja majina yake matatu, namba ya kitambulisho, sahihi. Bila orodha hiyo ombi halitasomwa. Nikamwandikia Bi Mwenyekiti: niletee majina. Jibu lake lilinikuta ndani ya basi la kampuni, saa kumi na moja na nusu alfajiri, kichwa changu kimelala kwenye kioo. "Shoga, siyajui yote. Fungua orodha."

Nikaifungua. Sikufikiri hata kidogo, vidole vilijua njia. Kichwa kwa herufi kubwa: VIJANA WALIOACHA GENGE, KWA AJILI YA FOMU. Namba moja nikaweka jina la mwanangu, kwa sababu ndiyo adabu, na kwa sababu, niseme kweli, nilikuwa najivunia. Namba mbili nikaacha wazi. Nikaituma kwenye gurupu la akina mama wa mtaa. Watu mia mbili na kitu. Basi likasimama, nikashuka, nikatia simu kwenye kabati, nikafunga kufuli. Zamu yetu haina simu.

Ilikuwa kama saa nne asubuhi. Fundi wa viyoyozi alikuwa akijiandika, na huku anaandika macho yake yanapanda juu ya ukurasa, anasoma walioingia kabla yake. Nikafunika kwa kiganja. Ndivyo tulivyofundishwa siku ya kwanza, tukiwa tumepangwa kwenye viti ofisini kule Al Thumama: daftari halifunuliwi kwa mgeni. Anayeingia asijue nani ameingia. Unamwachia mstari wake tu. "Samahani, ndugu," nikamwambia, "mstari wako huu."

Kiganja changu kikabaki pale pale juu ya daftari. Fundi akaingia, mlango ukajifunga, mimi bado nimefunika.

Mia mbili na kitu. Mle ndani wamo akina mama ambao watoto wao hawajaacha. Yumo mama mzazi wa mkubwa wao, yule mwenye genge. Yumo dada wa yule aliyemkata Bi Mwenyekiti. Wote tunazikana pamoja, kwa hiyo wote wamo. Na mimi nimewawekea orodha ya vijana waliowasaliti hao watoto wao, nimeipa na kichwa kwa herufi kubwa.

Ya Rabi! Kazi yangu mchana kutwa ni kuwafunika watu nisiowajua, mafundi wa watu, madereva wa watu, na mwanangu nimemfunua kwa mkono wangu.

Nikamwomba msimamizi dakika mbili za simu. Ni Mnepali mpole, lakini kamera zilikuwa zikimtazama yeye pia. Akaniambia ningoje mapumziko. Kutoka saa nne hadi saa sita na nusu niliandika watu arubaini na kitu kwenye lile daftari na sikumwona hata mmoja wao. Mkono mmoja unaandika, mkono mmoja umefunika. Nilikuwa nikihesabu: saa ya Doha na saa ya Mombasa ni moja, kwa hiyo wakati huu watakuwa wameamka maskani. Wakati huu mtu amewaonyesha. Wakati huu wanamtafuta.

Mapumziko yalipofika nilifungua kabati nikavunja kucha. Orodha ilikuwa imefika kumi na tisa. Kila mama alikuwa amenakili na kuongeza, na alama za dua juu yake. Nikaifuta ile yangu, kwa wote. Na hapo ndipo nilipotaka kujipiga kofi, kwa sababu ile yangu ilikuwa na jina moja tu, na jina hilo lilikuwa namba moja kwenye kila nakala. Nakala kumi na nane za wenzangu sikuweza kuzigusa. Maji yakimwagika hayazoleki. Nikaandika, "Jamani simamisheni, futeni!" na mara hiyo hiyo mmoja akajibu, "Kwani imefungwa? Na mimi mwanangu nilikuwa namtafutia kitambulisho!"

Nikampigia mwanangu. Hapatikani. Nikamtumia ujumbe wa sauti, mwanangu nenda kwa mjomba wako, usipite maskani, nitakueleza. Alama moja tu, haukufika. Nikampigia mamangu, akaniambia alitoka asubuhi hakusema anakwenda wapi. "Kuna nini?" akauliza. Nikamwambia hakuna kitu. Nikarudisha simu kabatini, nikafunga kufuli.

Jioni, ndani ya basi, orodha ilikuwa na majina arubaini na saba.

Nilianza kuyasoma na nikadhani nimechanganyikiwa. Namba ishirini na tatu alikuwa mkubwa wao. Mwenyewe! Majina matatu, kaandikwa na mamake mzazi, na chini yake kaongeza: "Mficha uchi hazai. Na wangu mwandikeni." Baada ya hapo ndipo walipoporomoka. Akina mama wa walioacha, wa wasioacha, wa wale ambao hata polisi wanawatafuta, wote. Wengine nawajua, waliandika kwa sababu kwetu orodha ikipita hujui ina nini, bora jina lako liwemo kuliko kujuta. Mmoja alimwandika binti yake wa darasa la saba. Lakini wengine hapana, wengine walijua walichokuwa wakikifanya. Na namba thelathini na nane alikuwa kijana tuliyemzika mwaka uliopita. Mamake alimwandika na namba ya kitambulisho chake, kamili. Hakuna aliyemwambia amtoe.

Mganda alinikuta nimekaa kitandani na viatu. Nikamweleza. "Banange," akasema, akakaa karibu yangu, akanitia kijiko mkononi. "Kula. Mutoto akipiga simu akukute na nguvu."

Alipiga saa mbili usiku. Sikungoja hata aseme hujambo. "Uko wapi?"

"Mamangu, umenichoma."

"Najua. Najua, mwanangu, nisamehe. Uko wapi? Wamekufanya nini?"

"Nani alikwambia mimi nimetoka?"

Sikumwelewa. "Wewe," nikasema. "Wewe mwenyewe, Idd. Ulinipigia."

Nilisikia pikipiki ikipita upande wake. Kisha akasema taratibu, bila hasira yoyote, na afadhali angenitukana: "Nilikwambia hivyo ili ulale."

Sasa ghadhabu yangu ilipanda, na mimi nikipanda sijui kushuka. Nikamwita mwongo. Nikamwambia nimesujudu kwa uongo wake. Nikamwambia miaka sita nasimama kwenye joto la watu ili yeye asome, naye kashika panga, na sasa jina langu limekuwa kichekesho. Naam, nilisema jina langu! Mtoto yuko kwenye ncha ya kisu, mimi natetea jina. Mganda alinishika goti lakini nilikuwa nimeshafika mbali. "Nataka utoke," nikapiga kelele. "Utoke leo!"

"Nitoke niende wapi?" akasema. "Kwani wewe si ndiye uliyetoka?"

Akakata.

Siku tatu zilizofuata sizitaki tena maishani. Simu yake ilizimwa. Kwa mamangu hakulala. Kazini niliandika tarehe ya jana mara mbili, msimamizi akaniuliza kama naumwa. Kila mapumziko nakimbilia kabati, na kila nikifungua kufuli najiambia, ikiwa kuna simu nyingi zisizojibiwa kutoka kwa mamangu basi nimefiwa. Zikiwa hazipo napumua, na pumzi hiyo hainitoshi hata kumaliza wali.

Habari zilikuja kwa voisi za Bi Mwenyekiti. Vijana walikaa maskani wakaisoma orodha kwa sauti, jina baada ya jina. Wakicheka mwanzoni. Walipofika ishirini na tatu kicheko kikakatika. Mkubwa wao aliondoka mbio kwenda kwa mamake, akamkuta anafua, akamwambia amwondoe. Mamake hakuinua hata kichwa. "Nimekuandika kwa mkono wangu," akamwambia. "Ukitaka kujifuta, jifute kwa wako." Mtaa mzima ulimsikia. "Kwa hiyo shoga," Bi Mwenyekiti akasema, "watamkata nani? Wote wamo. Wakianza na mmoja lazima wajikate na wenyewe."

"Na mwanangu?"

Voisi nyingine ikaingia. "Huyo sijamwona. Yeye ndiye wa kwanza, shoga. Wanasema yeye ndiye aliyeanza."

Ombi lilikuwa likifungwa Ijumaa saa kumi na mbili jioni. Niliwaza kuliacha. Kwa nini nisiliache? Lakini Bi Mwenyekiti alikuwa ameshachapisha karatasi ya sahihi, kaiweka jikoni kwake chini ya unga, na safari hii haikupita kwenye gurupu lolote. Kila kijana aje mwenyewe, aone mstari wake tu, wengine wamefunikwa kwa kipande cha boksi. Hilo la boksi nilimfundisha mimi. Alinicheka, "Umeanza kunigeuza sekyuriti," lakini alilifanya.

Ijumaa sikuwa na zamu. Nilikaa mbele ya kompyuta ya Mganda tangu watu walipotoka msikitini. Saa tisa ile karatasi iliingia, imepigwa picha duka la kompyuta. Niliivuta ikawa kubwa. Sahihi kumi na nne. Nyingine ni sahihi kweli, nyingine ni jina limeandikwa kwa herufi za darasa la pili, moja ilikuwa na doa la mafuta. Ishirini na tatu palikuwa na sahihi ya mama, nayo imekatwa kwa kalamu nyingine. Thelathini na nane, wazi, bila shaka. Nilianzia chini kwa makusudi nikapanda pole pole, kwa sababu nilikuwa nikiogopa juu.

Namba moja palikuwa peupe.

Nilimwandikia ujumbe: mwanangu, bado saa tatu, nenda ukatie sahihi. Alama moja. Saa kumi nikaandika tena. Saa kumi na moja Mganda akatoka akaenda kuninunulia chai ya karak, akaileta, ikapoa mezani. Nilianza kuwatoa wasiosaini. Nilimtoa binti wa darasa la saba. Nilimtoa yule marehemu, nikamwomba radhi kwa sauti. Na saa kumi na moja na dakika arubaini nikaweka kidole kwenye namba moja, kwa sababu fomu ilisema jina bila sahihi linaharibu ombi zima, na wale kumi na wanne walikuwa wamekuja jikoni kwa miguu yao, wengine wakipita mbele ya maskani mchana kweupe.

Nikafuta. Kompyuta haikungoja hata kidogo. Namba mbili ilipanda ikawa moja, tatu ikawa mbili, wote wakapanda, na pale alipokuwa mwanangu hapakubaki hata pengo. Nilibonyeza kutuma. Jibu likaja kwamba ombi limepokelewa. Ruzuku yenyewe mpaka leo tunaambiwa inashughulikiwa. Nikampelekea Bi Mwenyekiti nakala, yeye peke yake, nikajifunika shuka mpaka kichwani.

Sikulala. Nilikuwa nikimsikia Mganda akipanga soksi polepole ili asinisumbue. Halafu simu ikatikisika chini ya mto. Mwanangu. Si sauti, maandishi.

"Mamangu, mbona mimi simo?"

Niliketi. Niliisoma mara nne. Nikaandika, uko wapi. Akajibu yuko jikoni kwa Bi Mwenyekiti. Alikuwa Likoni siku zote tatu, kwa rafiki wa mjomba wake, akiogopa kuvuka feri. Leo kavuka. Amefika akakuta karatasi imeshakwenda, akamwomba Bi Mwenyekiti amwonyeshe nakala, akaisoma juu mpaka chini. "Nimejitafuta," akaandika. "Umenitoa?"

Ningeweza kumwambia mengi. Kwamba hakusaini, kwamba nilimngoja, kwamba sheria ni sheria. Ulimi ulikuwa umeshajaa, na mimi najijua. Lakini kichwani mwangu palikuwa na yule fundi wa viyoyozi na kiganja changu. Unamwachia mstari wake tu.

Nikaandika "1." Nikaacha wazi. Bila kichwa, bila jina. Nikaituma kwake yeye peke yake, hapana gurupu, hapana mtu. Chini yake nikaongeza: "Jiandike mwenyewe. Ukitaka."

Kwenye skrini ikatokea alama kwamba anaandika. Ikapotea. Ikatokea tena. Mganda aliacha soksi akaja kusimama nyuma yangu. Nadhani zilipita dakika tano, na katika dakika hizo nilimwahidi Mungu mambo ambayo sitayataja hapa.

Akajiandika. Majina matatu: lake, la babake, la babu yake, na namba ya kitambulisho kama anaandikia serikali. Akaongeza kwamba Bi Mwenyekiti amemwambia kesho saa kumi na moja alfajiri aje kukanda unga, akose karakana asikose kazi ya mikono. Nilicheka na machozi yakanitoka hapo hapo, Mganda akaanza kusema asante Yesu, asante Yesu, nami nikasema Alhamdulillahi, tukapokezana hivyo.

Kisha nikatazama tena ile orodha yake. Chini ya jina lake, kama desturi yetu, alikuwa ameacha namba mbili wazi.

Nikadhani amesahau, ni mazoea tu, kama vidole vyangu vilivyozoea. Nikamuuliza, "Hiyo mbili ni ya nani? Tuko wawili tu hapa."

Alikuwepo, nilimwona yupo, lakini hakujibu.

Mkoba wangu ulikuwa umetundikwa nyuma ya mlango. Niliinuka nikatoa ile fomu ya mkataba, miaka miwili, bado imekunjwa, sehemu ya sahihi bado nyeupe. Niliketi nayo kitandani mpaka adhana ya Isha ikapita. Mganda alikuwa akinitazama na safari hii hakucheka. "Nyabo," akasema, "mutoto anangoja."

Fomu nikaikunja tena bila kuitia sahihi, nikashika simu, na namba mbili nikaandika jina langu.